Mluzi Uliokosa Mdomo

Jumatano mchana, mbele ya ukumbi uliojaa, pazia la mandhari lilishuka kabla ya wakati wake na kumvunja mwimbaji Bronte Falzon mfupa wa bega. Aliyelishusha ni Clem Hoskin, mtu wa kamba. Clem alisema alisikia mluzi. Wengine wote, kuanzia wapiga muziki hadi bibi wa kiti cha mwisho kule juu kabisa, walisema hakuna mluzi uliopigwa.

Sajini Des Tregenza aliingia jumba la maonyesho la Galatea Alhamisi asubuhi kwa mlango wa wasanii, maji ya mvua ya Julai yakimchuruzika kofiani. Nje, mji wote wa Ballarat ulikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Ndani kulikuwa na joto kidogo na ile harufu ambayo kila mtu wa mji ule anaijua tangu utoto: mahameli ya zamani, vumbi lililobabuliwa na taa, makoti ya sufu yaliyolowa, na peremende. Pazia lenyewe lilikuwa bado limelala jukwaani, bahari ya rangi na meli zake, na boriti yake nene ndiyo iliyomwangukia binti wa watu.

Alipanda ngazi ya chuma hadi daraja la kamba, ubavuni mwa jukwaa, juu sana. Clem alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini, anazitazama kamba zake kama mtu anayemtazama mbwa wake aliyemng'ata jirani.

"Ulikunywa jana?" Tregenza akauliza.

"Chai. Na biskuti za mama Una, mkuu wa wahudumu. Kama unataka nikojoe kwenye chupa, lete chupa."

"Hospitali walishakupima. Huna kitu."

"Sasa unaniuliza nini, Des?"

"Nataka kukusikia ukisema mwenyewe."

Clem akaeleza bila kupamba. Galatea bado inaendeshwa kwa kamba za katani, vile vile kama ilivyojengwa enzi za wachimba dhahabu. Kwenye nguzo mbele yake kuna taa mbili ndogo. Nyekundu ikiwaka, unafungua kamba na kukaa tayari. Kijani ikiwaka, unashusha. Jana nyekundu iliwaka, naye akafungua. Wimbo ukaisha. Siku zote Bronte huondoka papo hapo, lakini jana wazee wa Jumatano walimpenda kupita kiasi. Walipiga makofi, wakapiga na miguu, naye akasimama pale pale chini ya pazia anainama mara ya pili na ya tatu. Ingrid, meneja wa jukwaa, akaizuia kijani.

"Hapo ndipo niliposikia mluzi. Mmoja, mrefu, mwembamba."

"Mmoja mrefu maana yake nini?"

"Shusha. Miwili mifupi ni pandisha. Watu wa kwanza kushika kamba hizi walikuwa mabaharia waliokimbia meli kuja kuchimba dhahabu, wakakosa dhahabu, wakaja hapa. Wao walikuja na miluzi yao, na walionifundisha mimi waliirithi. Hizi taa zimekuja juzi tu. Unafikiri kwa nini mtu akipiga mluzi nyuma ya jukwaa anafukuzwa?"

"Lakini ulijua kijani haijawaka."

"Kichwa kilijua. Mikono haikungoja kichwa."

Tregenza akaegemea reli. "Ulitokea upande gani?"

"Nyumba hii ina kuba, bwana. Sauti inazunguka humu kama nzi ndani ya ndoo. Siwezi kukuapia." Clem akavuta pumzi. "Bodi inakaa leo alasiri. Binti yangu ameshampigia simu daktari wa wazee. Wakiandika kwamba hakukuwa na mluzi, basi mimi ni babu anayesikia vitu visivyokuwepo. Sitashika kamba tena. Gari watanipokonya. Halafu nyumba. Niambie nilikosea, nitasema ndiyo, nilikosea, yule binti namwona kila nikifumba macho. Ila usiniambie sikusikia."

"Bado sijakwambia kitu, mzee."

"Ndiyo hivyo. Polisi ukimya wenu unatisha kuliko kelele zenu."

Chini jukwaani, Ingrid Maslen alikuwa anapima kwa macho mahali boriti ilipoanguka. Alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa nyeusi tupu, kalamu nyuma ya sikio, na sauti ya mtu aliyezoea kunong'ona na kutiiwa.

"Jai," alisema kabla hajaulizwa. "Kama kweli kulikuwa na mluzi, anza na Jai Corrigan. Yule mwigizaji katoka kwenye televisheni. Hajui adabu ya jumba. Wiki iliyopita alipiga mluzi kwenye korido kama anaita teksi."

"Ukamfanya nini?"

"Nilimfanya anachofanywa kila mtu. Nilimtoa nje kwenye mvua, akajizungusha mara tatu, akatukana tusi moja zito, akabisha hodi aombe kurudi. Mtu wa makamo, na suruali yake ya hariri. Alikasirika."

"Alikasirika kiasi cha kulipiza?"

"Hilo muulize yeye. Mimi naendesha maonyesho, roho za watu siziendeshi."

"Na mwenyewe hukusikia mluzi?"

"Nilikuwa na vipokea sauti masikioni. Lakini tunarekodi kila onyesho, sajini. Kila mwigizaji ana kinasa sauti kidogo hapa kwenye paji la uso. Nimesikiliza rekodi usiku kucha. Makofi, miguu, kelele ya Bronte. Mluzi hakuna." Akasita. "Ningependa uwepo. Clem ndiye aliyenifundisha kazi. Lakini haupo."

Jai Corrigan alipatikana chumba cha kuvalia, miguu juu ya meza, uso mzuri kama bango la mkopo wa benki. Hakuinuka.

"Najua, najua. Mimi ndiye mchawi. Tangu jana hapa hata chumvi hawanipitishii."

"Ulikuwa wapi pazia liliposhuka?"

"Pembeni, kushoto kwa jukwaa. Nangoja zamu yangu."

"Unafanya nini?"

"Nangoja."

"Kungoja tu?"

"Kwani kuna namna nyingine ya kungoja?"

Tregenza akaenda kwenye reli ya nguo, akachomoa shati jeupe la nahodha lililoandikwa jina la Corrigan, akaikunja kola yake kwa kidole. Ndani ya mshono palikuwa na doa jekundu lililokaukia.

"Hii si damu," alisema.

Jai akashusha miguu mezani. "Usimwambie mama wa mavazi."

"Sosi ya nyanya?"

"Ukimwambia ataniua, na hutamshika, kwa sababu kila mtu hapa atamtetea. Ndiyo, nilikuwa nakula pai. Pai ya nyama, ya moto, kutoka pale kona. Kwenye mavazi hairuhusiwi kula hata pipi. Sasa nitapigaje mluzi na nusu pai mdomoni, we mzee? Jaribu. Nenda kanunue, ujaribu."

Ingrid akaletwa na mashine yake. Wakatafuta rekodi ya kinasa sauti cha Jai peke yake, dakika ile ile. Watatu wakainamisha vichwa. Makofi yalivuma mbali kama mvua juu ya bati, na karibu kabisa, wazi kuliko kitu chochote, palisikika taya za mtu mwenye raha. Alitafuna. Alimeza. Alilamba kidole. Akatafuna tena. Halafu kishindo, na kelele ya Bronte.

"Mungu wangu," Ingrid alisema, "wewe ni ng'ombe."

"Ng'ombe asiye na hatia," Jai akajibu. Lakini aliposikia ile kelele ya Bronte rangi ilimtoka, akaomba wazime.

Tregenza akasimama mlangoni. "Hivi vinasa sauti vinashika mbali?"

"Vinashika mdomo wa mwenye nacho," Ingrid alisema. "Kilicho mbali, makofi yakipigwa, kinazama."

"Basi rekodi yako haisemi hakukuwa na mluzi. Inasema aliyepiga hakuvaa kinasa. Tena hakuwa karibu na yeyote aliyevaa." Akavaa kofia. "Kama Clem aliusikia peke yake, ulipigwa karibu na Clem peke yake. Nyuma ya ukuta wa lile daraja lake kuna nini?"

Ingrid ilibidi afikiri. "Ile roshani ndogo ya pembeni. Namba nane. Haiuzwi tena. Ukikaa mle unaona nusu ya jukwaa na ukuta mtupu."

"Ufunguo anao nani?"

"Funguo zote za mbele anazo Una."

Una Quilty alikuwa kwenye ukumbi wa kuingilia na koti lake jekundu la wahudumu, anakunja karatasi za programu za wiki ijayo. Alikuwa mkuu wa wahudumu wa kujitolea, mjane, mwembamba, mgongo umenyooka kama fagio. Hakuna mtoto aliyekulia Ballarat ambaye hajawahi kumulikwa usoni na tochi ya Una kwa kosa la kuongea wakati wa onyesho. Pembeni yake palikuwa na birika kubwa la umeme la kuchemshia chai ya mapumziko, sahani ya keki za lamington chini ya kitambaa, na Minties, zile peremende nyeupe za kunata.

"Des Tregenza," alisema. "Safu ya G."

"Mama Una, nilikuwa na miaka sita."

"Ulitapika aiskrimu yote kwenye kofia ya mke wa meya. Mimi ndiye niliyeisafisha. Kaa, unywe chai, umelowa."

Akamimina kutoka chupa yake mwenyewe ya chai, yenye mistari ya kitambaa cha Kiskoti. Akamenya Minties, na vidole vyake, bila yeye kuvitazama, vikaanza kuichana karatasi yake kwa kuizungusha, utepe mwembamba unaozidi kurefuka. Ni mchezo wa watoto wa nchi ile, atakayetoa utepe mrefu bila kuukata ndiye mshindi.

Kundi la mabibi waliokuja kununua tiketi likaingia likicheka. Tregenza akainama karibu na sikio lake ili asikike. "Naomba ufunguo wa roshani namba—"

Kitu kikalia. Mlio mwembamba, mkali, mfupi. Una hakushtuka. Bibi mmoja foleni ndiye aliyegeuka, akamwonyesha Una sikio kwa kidole, na Una akaweka mkono haraka kichwani kama anayepanga nywele.

"Birika hilo," alisema. "Linalia sana siku hizi."

"Linahitaji fundi," Tregenza alisema. Akaweka kiganja kwenye birika. Lilikuwa baridi kama jiwe. "Roshani namba nane, mama Una."

Vidole vya Una vikasimama. Utepe ukakatika.

"Kule hakuna kitu. Mavumbi tu."

"Basi nikaone mavumbi."

Roshani namba nane haikuwa na mavumbi. Ilikuwa kijumba cha mbao na plasta, kimening'inia ubavuni mwa jukwaa, na kerubi wa dhahabu aliyevunjika pua mbele yake. Kutoka pale ukumbi wote ulionekana chini, safu kwa safu za viti vyekundu, na kuba lenye nyota za rangi ambazo hakuna aliyewahi kuzihesabu zikatoka sawa. Viti vilikuwa viwili, vimesogezwa hadi vimegusana mikono. Kwenye ukingo wa mahameli kulikuwa na duara lililobonyea, la kitako cha chupa ya chai. Kando ya duara, nyuzi mbili za karatasi ya Minties zilikuwa zimelazwa sambamba, zimenyooshwa, kama watu waliokuwa wanapima nani kashinda.

Tregenza akageukia ukuta wa upande wa jukwaa. Akagonga. Mahali pote ukuta ulijibu kwa sauti ya tofali, ila usawa wa bega la mtu aliyeketi ulijibu kwa sauti ya sanduku. Akabandua karatasi ya ukutani iliyokuwa imeachia. Kilikuwa kidirisha cha zamani, cha kumulikia taa enzi za gesi, kimezibwa kwa ubao mwembamba wenye nyufa.

"Clem!" aliita kwenye ubao. "Uko hapo?"

Sauti ikajibu karibu sana, kama mtu yuko chumba kimoja naye. "Niende wapi? Usinipigie kelele, mimi si kiziwi."

"Kaa hapo hapo."

Alipogeuka, Una alikuwa mlangoni, funguo mkononi.

"Hicho kifaa cha kusikilizia kilicho sikioni mwako," Tregenza alisema, "mama yangu anacho. Nikimkumbatia kinalia kama panya aliyekanyagwa. Ukikiziba tu, kinalia. Yeye mwenyewe hasikii."

Una alizikunja funguo kiganjani.

"Jana uliketi hapa. Mtu akakuegemea, au wewe ukamwegemea. Makofi yalikuwa mengi, ukumbini hakuna aliyesikia. Ila nyuma ya ubao huu kulikuwa na mtu ameshika kamba."

Uso wa Una ukabadilika taratibu, jinsi alivyokuwa anaelewa neno baada ya neno. Akashika mgongo wa kiti.

"Mimi?" alisema. "Yule binti… mimi?"

"Hukukusudia. Lakini Clem anakaribia kuitwa mwendawazimu. Nani alikuwa kiti cha pili?"

"Hakukuwa na mtu."

"Peremende mbili, mama Una. Ulishindana na nani, na kerubi?"

"Nilishindana peke yangu. Mjane ana muda."

"Alikuwa na mimi," mtu akasema kutoka koridoni.

Ambrose Pell, mwenyekiti wa bodi ya Galatea, alikuwa na tai na faili la kikao kwapani. Alikuwa mrefu, ameinama kidogo kama wanavyoinama watu warefu wakizeeka. Alikuwa mtu wa kuitwa mara tatu ndipo aitike, na mji mzima ulijua kwamba amekataa katakata kuvaa kifaa cha sikio.

"Nimeona mlango uko wazi," alisema. "Una, acha. Usimdanganye polisi, hujui kudanganya."

"Na wewe hujui kunyamaza," Una akamjibu, machozi yamejaa. "Maisha yako yote hujui wakati wa kunyamaza."

"Unasemaje?"

"Nasema wewe ni mpumbavu, Ambrose!"

"Ah. Hilo nimesikia."

Akaketi kwenye kiti chake, cha kulia. Yeye ndiye aliyemweleza Tregenza, Una akiwa amesimama amewapa mgongo. Zamani walikuwa wanakuja watatu, kila Jumatano mchana, safu ya F: Ambrose, mkewe Merle, na Una, rafiki wa Merle tangu shule. Merle alikuwa katikati siku zote, kwa sababu ndiye aliyebeba chupa ya chai na ndiye aliyelia kwanza. Waliona humu kila kitu, wacheza dansi wa barafuni, waimbaji waliopoteza sauti katikati ya wimbo, mwanamazingaombwe aliyesahau njiwa mfukoni. Kisha Merle akaanza kusahau. Mwisho alisahau hata nini cha kufanya taa zinapozimwa, akaogopa, akapiga kelele. Sasa yuko nyumba ya wazee kule ziwani. Ambrose huenda kila siku isipokuwa Jumatano. Merle humwita "yule bwana".

"Tulirudi safu ya F wawili," Ambrose alisema. "Kiti cha katikati tulikilipia kikae wazi. Lakini mji huu una macho. Binti yangu Gwenda akaambiwa na watu wa kanisani. Ndipo Una akakumbuka huku juu."

"Huku haparuhusiwi kukaa mtu," Una alisema, bado amewapa mgongo. "Amri ya zimamoto. Niliiandika mimi mwenyewe ile karatasi ya mlangoni."

"Na jana?"

Ambrose akatazama jukwaa, bahari ile iliyochorwa imelala chini. "Ule wimbo Merle angeupenda. Una aliweka kichwa hapa." Akagusa bega lake. "Mara ya kwanza. Ndiyo tu, sajini. Zaidi ya hapo hatujawahi."

Tregenza alikunja daftari. "Nahitaji mfanye tena."

"Tena nini?"

"Kichwa, begani. Mimi nitatazama huko."

Akageukia ukumbi, akaweka mikono kwenye ukingo, akawapa mgongo. Nyuma yake kiti kililia, nguo zikasuguana, mtu akakohoa kwa aibu. Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu ukaja: mmoja, mrefu, mwembamba, ukapenya ubaoni na kupotelea upande wa pili.

"Huo!" Clem akapiga ukelele nyuma ya ukuta. "Huo! Ndiyo huo hapo! Des! Umeusikia?"

"Nimeusikia."

"Umeusikia wewe? Kwa masikio yako?"

"Kwa masikio yangu yote mawili, Clem."

Kisha, chini chini, "Sema tena."

"Nimeusikia."

Kishindo kidogo, kama mtu aliyekaa ghafla kwenye ndoo. Baadaye sauti yake ikarudi, nzito, yenye kamasi. "Nimeshika kamba hapa bila kujua, unaona? Imefungwa, usiogope. Lakini nimeishika."

Tregenza akageuka. Wale wawili walikuwa bado vile vile, kichwa cha mmoja begani kwa mwingine, wanamtazama kama watoto wanaongoja kuambiwa.

"Kimelia?" Una aliuliza. "Mimi sijasikia kitu."

"Wala mimi," Ambrose alisema.

Wakaachana polepole. Ambrose akaivuta tai yake. "Ripoti yako," alisema, "inaweza kusema kifaa kililia, bila kutaja ni cha nani? Mtazamaji mmoja tu. Gwenda yuko kwenye bodi. Ataketi mkabala na mimi."

"Mtazamaji kwenye roshani iliyofungwa na isiyouzwa? Kampuni ya bima itacheka. Watasema Clem kaitunga hadithi na polisi kamsaidia. Bila jina, mluzi haupo."

"Najua. Nilitaka tu kuuliza." Akamgeukia Una. "Sisi tulikuwa tumejificha, yeye anafanya kazi yake."

Una alivua koti jekundu, akalikunja vizuri, mkono juu ya mkono, akaliweka kwenye kiti. Chini yake alivaa sweta la kawaida la kijivu, na ghafla akawa bibi yeyote wa mtaani.

"Andika," alimwambia Tregenza. "Una Margaret Quilty. Usikosee herufi, we mtoto wa safu ya G. Na kwenye kikao nitasema mwenyewe, sitaki kusomewa na mtu."

Alisema mwenyewe. Alisimama mwisho wa meza ndefu, akaeleza kidirisha, ubao, kifaa na bega, kwa sauti ile ile ya kuwaelekeza watu vyoo viliko. Ambrose aliposema "Ni kweli" Gwenda alikusanya karatasi zake, akatoka bila kufunga mlango. Clem, aliyeitwa kuketi karibu na dirisha, alimtazama Una muda wote, na alipomaliza alimvutia kiti. Kwenye ripoti Tregenza aliandika kwamba hakuna kosa la jinai, na kwamba mluzi ulikuwepo.

Gharama ilikuwa hii. Bronte Falzon alipoteza msimu wote, na nafasi aliyokuwa ameahidiwa Sydney ikapewa mwingine. Mfupa ulipona, ila mkono wa kushoto hauinuki juu ya bega. Clem alibaki na akili zake kwa maandishi, na gari, na nyumba. Kamba hakuruhusiwa tena kuzishika peke yake, na mwaka uliofuata katani yote iliondolewa, zikawekwa mashine. Ambrose aliacha uenyekiti. Gwenda hakumruhusu kuingia kwake hadi baada ya Krismasi, na wajukuu aliwaona kwa simu. Roshani namba nane ilijengewa tofali. Una alirudisha koti, tochi na funguo siku ile ile. Ambrose sasa huenda ziwani kila siku, Jumatano pia, na Una hajakanyaga tena Galatea.